Tulivyompeleka Baba kwenye kituo cha kuacha pombe

Tangu habari za Baba zijulikane mtaani, haupiti mwezi bila mtu kunipigia simu au kunivuta kando msibani. Huyu ana kaka, yule ana mtoto, mwingine ana mume. Swali huwa lile lile: mlimpeleka wapi, na mlilipa ngapi? Nitafika huko. Ila mimi huwauliza kwanza: akikubali leo saa nne asubuhi, saa tano mtakuwa naye wapi? Wengi hunyamaza. Nasi tungenyamaza vilevile, na kwa kukosa jibu tuliziacha ndiyo kadhaa za Baba zikapotea. Maana mlevi hukubali. Hukubali mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa asubuhi akikumbuka alichofanya usiku, lakini adhuhuri ikifika ameshabadilika.

Sisi ni watu wa Majengo, Pumwani, hapa Nairobi. Baba ni fundi wa injini, na karibu maisha yake yote ya kazi ameyatumia Grogan, mtaa wa magereji pale Kirinyaga Road. Pesa ya Grogan ni ya mkononi: gari likiwaka unalipwa papo hapo, na jioni wenzako wapo wa kukusaidia kuimaliza. Ilianza hivyo, chupa ya jioni na mafundi wenzake. Miaka ikapita, ikawa anaamka alfajiri mikono inatetemeka hata kikombe hakishiki, mpaka apate robo ya kitu kikali kutoka duka la vileo. Akishaipata mkono unatulia, anashika spana, anafanya kazi safi kuliko vijana wake. Basi hata sisi ndani ya nyumba tukaanza kuiona ile robo kama dawa yake.

Nyumba ya Waislamu, jirani na msikiti, pombe ikiingia inaingia na fedheha yake. Mama alimsitiri kwa kila njia. Mteja akipiga simu kuulizia gari lake, Mama anajibu mzee ana malaria. Mwenye duka akija kudai, Mama anamlipa kwa pesa za mahamri na mbaazi anazouza barazani, halafu anatuambia biashara ilikuwa mbaya. Simlaumu, dini yenyewe inatufundisha kusitiriana. Lakini nilipokuja kupiga hesabu baadaye, sehemu kubwa ya gharama ya ulevi wa Baba ilikuwa inalipwa na mtu ambaye hajawahi kuonja tone.

Kilichotuchelewesha zaidi ni Ramadhani. Kila mwaka mwezi ukiandama, Baba alikuwa anaacha. Siku mbili tatu za kwanza anatoka jasho, hana usingizi, anagombana na kila mtu, kisha anatulia, anafunga mwezi mzima, na usiku anakwenda tarawehe. Sikukuu ya Idi ikipita, anarudi Grogan na chupa yake. Sisi tukawa na ushahidi: mtu anayeweza kuacha siku thelathini si mlevi, ni mtu anayependa kunywa tu. Yeye mwenyewe alikuwa akitujibu hivyo, na tulimuamini kwa sababu tulitaka kumuamini.

Halafu ukaja mwaka ambao mwili ulikataa. Siku ya pili ya mfungo, magharibi inakaribia, Mama yuko jikoni na kaimati, tukasikia kishindo chumbani. Baba alikuwa sakafuni, meno ameyauma, macho yamegeuka, mwili mzima unapigapiga, kikoi kimelowa mkojo. Wa kwanza kufika walikuwa majirani, na neno la kwanza lililotamkwa lilikuwa jini. Tukamwita maalim. Alikuja, akasoma, akamwekea mkono kichwani. Kisha akatushangaza. Akamgeukia mdogo wangu akasema, "Huyu anaungua na anatetemeka hata akiwa amelala. Tafuteni gari mumpeleke hospitali. Dua nitaendelea nayo hapa." Namshukuru mpaka leo. Nimesikia za wengine waliokaa wakisomewa mpaka mgonjwa akapitiliza.

Hospitalini daktari alimuuliza Mama, mgonjwa amekunywa pombe mara ya mwisho lini? Mama akajibu, "Mume wangu hanywi." Kijana wa watu akauliza tena, taratibu, akimtazama Baba mikono. Nikajibu mimi, mbele ya Mama, na ninajua nilimvunja. Lakini jibu lile ndilo lililobadilisha matibabu. Kama kuna jambo moja la kushika mkifika kwenye mlango wa dharura ni hilo: semeni anakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Kama anatumia na tembe, zile za usingizi ambazo vijana huziita bugizi, mzitaje nazo. Aibu mtaitunza baadaye.

Daktari alitueleza mambo ambayo nayarudia kwa kila anayenipigia simu. Pombe hutuliza ubongo. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, ubongo nao unajizoesha, unajichochea zaidi ili uweze kuamka chini ya ule uzito. Sasa ukiondoa pombe ghafla, kile kichocheo kinabaki peke yake bila breki. Kifafa cha namna ile huja mara nyingi kati ya saa 6 na 48 tangu glasi ya mwisho. Baada ya hapo, siku ya pili hadi ya nne, wengine huingia kwenye kuchanganyikiwa kabisa: anaona wadudu ukutani, anaongea na watu ambao hawapo, homa, moyo unakwenda mbio. Hali hiyo huua. Na kila anapoacha ghafla, safari inayofuata inaweza kuwa kali zaidi. Kwa hiyo zile Ramadhani zote tulizokuwa tunazihesabu kama ushindi hazikuwa zinamkinga na chochote. Walimpa diazepamu ya kumtuliza, wakaipunguza kidogo kidogo, na vitamini B1, kwa sababu mlevi wa muda mrefu huwa imemwishia na kuikosa huharibu ubongo.

Nasema haya kirefu kwa sababu mtaani kwetu dawa inayojulikana ni kumfungia mtu chumbani mpaka imtoke. Kwa unga, yaani heroini, arosto ni mateso makubwa, kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, ila yenyewe kwa kawaida haimuui mtu mwenye afya akipewa maji ya kutosha. Kwa pombe na tembe za usingizi ni jambo jingine. Usimfungie mtu wako chumba na kufuli kabla hujamwona daktari.

Baba alitoka wodini ana nuru usoni, na sisi tukafikiri yameisha. Daktari alikuwa ametuonya kwamba kuusafisha mwili ni hatua ya mlangoni tu, na kwamba ugonjwa wenyewe uko pale pale, lakini nani alikuwa anasikiliza? Idi ilipopita akarudi Grogan. Wiki haikuisha.

Hapo ndipo tulipoanza kutafuta kituo, na nitakiri soko la vituo pembezoni mwa Nairobi lina kila aina ya watu. Kituo kimoja tulichopigia simu, kabla hata sijamaliza kueleza, mtu wa upande wa pili akaniambia, "Dada, tutakuja kumchukua usiku. Vijana wanne. Nyinyi mtuachie mlango wazi na mtume pesa ya mafuta." Nilipouliza daktari wao ni nani, akasema wana mtu wanayemwita ikihitajika. Tulikwenda kukiangalia. Geti la mabati, madirisha yenye nondo, wanaume wamekaa chini uani wakitutazama, na harufu ambayo sitaieleza. Mdogo wangu alitaka tukubali hivyo hivyo, tumechoka. Binamu yetu ambaye ni karani kwa wakili ndiye aliyetuzuia. Alituambia Kifungu cha 29 cha Katiba kinamlinda kila mtu asinyimwe uhuru wake kiholela au bila sababu ya haki, na kwamba mtu mzima hageuki mbuzi kwa sababu watoto wake wamelipa. Mimi sikuhitaji sheria. Nilijiuliza tu, Baba akibebwa na vijana wanne usiku mbele ya majirani, atakaporudi atatutazamaje?

Tukapiga 1192, nambari ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, haitozi pesa. Ndio wanaotoa leseni kwa vituo hivi, na wana orodha ya vilivyoidhinishwa. Mshauri aliyepokea alikuwa mvumilivu kuliko nilivyotarajia, na alizungumza na mimi kuhusu mimi na Mama kwa muda mrefu kuliko kuhusu Baba. Kutoka hapo tulijua la kuuliza. Leseni ya mwaka huu iko wapi, tuione kwa macho. Nani analala hapa usiku, muuguzi au mlinzi? Kutetemeka kwa siku za mwanzo kunasimamiwa na daktari gani, hapa au hospitali? Washauri wamesajiliwa? Familia inaruhusiwa kuja lini, na tunaweza kuzungumza na mgonjwa faraghani? Kwa upande wetu tuliongeza: ataswali wapi, na nyama inatoka wapi. Kituo kilichojibu yote bila kukasirika ndicho tulichokichagua, upande wa Kiambu, si kwa sababu kilikuwa na bustani nzuri. Bustani zote zina maua.

Mathari tulikwenda pia, na ninapenda kuitaja kwa sababu watu huiogopa bure. Hospitali ile iko kando ya Thika Road tangu 1910, ni ya serikali, ina kitengo cha waraibu, na gharama yake haikaribiani na ya vituo vya kibinafsi. Kilichotushinda ni jina. Baba alisema wazi, "Mnipeleke kokote, Mathari sikanyagi." Kwa mtu wa umri wake, Mathari ni mahali pa wendawazimu, basi. Kama wako hana kizuizi hicho, anzeni huko.

Sasa pesa. Kituo kilikuwa shilingi 70,000 kwa mwezi, na mpango ni wa miezi 3. Kuingia, 10,000. Vipimo vya damu, dawa za siku za mwanzo na daktari wa pembeni wa presha vililipwa mbali. Ukijumlisha na nauli, sabuni, na vitu vidogo alivyoagiza, ilitufika karibu laki mbili na sabini. Hatukuwa nazo. Ndugu yangu wa Mombasa alichukua mkopo wa sako, dada yetu aliye Doha akatuma mshahara wake wa mwezi mzima, mimi nikaomba chama wanipe zamu yangu mapema. Kuna aliyependekeza tuuze sanduku la vifaa vya Baba, spana zake zile za Kijerumani ambazo fundi yeyote wa Grogan anazitamani. Shangazi akawaka: "Mkiuza vifaa, mtamrudishia kazi gani?" Hapo mjadala ukaisha.

Kuhusu bima ya afya ya serikali: SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 watu wengi walichanganyikiwa, na vituo navyo hujibu kwa simu kila mtu lake. Usikubali jibu la simu. Nenda na kitambulisho cha mgonjwa, uliza kama kituo kina mkataba na SHA kwa huduma hii hasa, siku ngapi zinalipiwa, na waandike kwenye karatasi. Nimeona familia ikipigiwa simu wiki ya tatu iambiwe mgonjwa aondoke au walete pesa taslimu.

Kabla ya kumwambia Baba chochote tulikutana sisi wenyewe, kwa Shangazi, Makina kule Kibra. Shangazi ni dada mkubwa wa Baba, hajja, na ndiye binadamu pekee ambaye Baba humjibu kwa sauti ya chini. Sisi watoto hatukuwa na mdomo wa kumsema mzazi. Ungefungua tu, anakuuliza nani kakusomesha. Kikao kile kilikuwa kizito kuliko yote yaliyofuata, maana ilibidi tukubaliane mambo mbele ya Mama. Kwamba deni la dukani halilipwi tena na mtu yeyote. Kwamba mteja akipiga simu, anapewa Baba mwenyewe au simu haipokewi. Kwamba chakula, dawa ya presha na nauli atapata, pesa mkononi hapana. Mama alilia, akasema tunataka aanikwe. Ndugu yangu wa Mombasa, kwenye simu, akawa upande wa Mama. Kikao kilirudiwa mpaka sote tukawa na kauli moja, kwa sababu mlevi ana pua: akijua kuna mmoja kati yenu mwenye moyo laini, atapitia hapo.

Mwezi uliofuata ulikuwa mbaya. Msitegemee kwamba ukikata pesa mtu anazinduka kesho yake. Baba aliuza simu yake, akalala gereji siku kadhaa, akamtukana Mama matusi ambayo hatukuwahi kuyasikia nyumbani kwetu. Mwenye duka alikuja mpaka barazani kupiga kelele, na mtaa mzima ukajua. Lile tulilolikimbia miaka yote likatufika, na jua likachomoza kama kawaida.

Mshauri wa kituo, ambaye tulikuwa tumeshaanza kumwona mimi na Mama kabla ya mgonjwa mwenyewe, alituonya tusimzunguke mtu na kumsomea mashtaka kama baraza la chifu. Alitueleza utafiti wa Marekani uliochapishwa 1999 kuhusu familia za walevi waliokataa matibabu. Waliofundishwa kuongea kwa upole mtu akiwa hajalewa, kumpongeza kwa saa zake nzuri na kuacha kumkinga na madhara ya ulevi wake, asilimia 64 waliwafikisha jamaa zao kwenye matibabu. Waliotumia kikao cha kushtukiza walikuwa asilimia 30. Mama alisikiliza, kisha akasema yeye upole anao, tatizo ni kwamba aliutumia kulipa madeni.

Tukapanga hivi. Kituo kiwe kimelipwa amana na kitanda kipo. Begi liwe limefungwa kwa Shangazi: nguo, kandambili, msala, dawa zake za presha, nakala ya kitambulisho. Manukato na dawa ya kusukutua mdomo hapana, vina alkoholi na vituo havipokei. Dereva tunayemjua akae tayari asubuhi kadhaa mfululizo. Kijana wa Baba wa gereji ajue ni magari gani yako wazi na atayamaliza na nani. Na muuguzi wa kituo alitupa maagizo ambayo nilimrudisha ayarudie, nikidhani sijasikia vizuri: kama asubuhi hiyo anatetemeka, msimnyang'anye pombe njiani. Asije akapatwa na kifafa ndani ya gari. Aje nayo, daktari ataanza kazi hapa.

Ilikuwa asubuhi ya baada ya usiku mbaya. Baba amekaa ukingoni mwa kitanda, kikombe cha chai ya rangi kiko mbele yake, hakishiki kwa sababu kitamwagika. Shangazi aliingia, akakaa chini kwenye mkeka, yeye mkubwa, akakaa chini. Hakutaja pombe. Alimwambia, "Ndugu yangu, nimekuja kukuomba kitu kimoja. Twende leo ukaonwe na daktari, nami nitakuwa na wewe. Mengine tutayajua huko." Baba akamtazama kwa muda. Akasema haya, kesho. Shangazi akasema gari liko nje. Baba akasema ana ufunguo wa Probox ya mtu, mteja anakuja saa tano. Akautoa mfukoni kweli, umefungwa uzi mwekundu na kipande cha kadi chenye nambari ya gari. Mdogo wangu akanyosha mkono akasema kijana wako anausubiri, Baba. Akatazama ule ufunguo, akatutazama sisi, nadhani ndipo alipojua tulikuwa tumekaa vikao. Sikumwona amekasirika. Alimpa.

Sehemu ngumu ilikuwa garini. Tulipofika karibu na Muthaiga alianza kutetemeka vibaya, jasho linamtiririka. Robo ilikuwa kwenye mfuko wa karatasi, na mfuko ulikuwa mapajani mwa Shangazi, kwa sababu hakuna kati yetu aliyetaka kuubeba. Mwanamke aliyekwenda Makka. Alimpa bila kugeuka, macho yake mbele barabarani, midomo inacheza kwa istighfari, na Baba akanywa mafunda mawili matatu akarudisha kizibo. Hakuna aliyezungumza mpaka getini. Wako watakaosema tulikosea, na wengine wameshaniambia. Nawajibu waulize daktari yeyote.

Kuhusu miezi ile mitatu sina mengi, kwa sababu mengi yalikuwa yake. Lakini simu mtaipata, jiandaeni. Kwetu ilikuja alipoanza kupata nguvu, kwa simu ya mfanyakazi: nitoeni, chakula kibovu, wananidharau, nimeshapona. Mama alishavaa buibui. Mshauri alikuwa ametuambia simu hiyo itakuja, na tulikuwa tumekubaliana aipokee mtu mmoja tu, mimi. Nilimwambia nitakuja Jumamosi tuzungumze. Nilikwenda, nikaomba tukae peke yetu chini ya mti, nikamtazama mwili kama ana alama, nikamuuliza moja kwa moja kama kuna anayempiga. Usidharau malalamiko yote kwa sababu mshauri kasema ni ujanja wa mlevi. Kuna vituo ambako wanapigwa kweli. Baba hakuwa amepigwa. Alikuwa amechoka kuambiwa aoshe vyombo.

Siku za kutembelea nilikaa mara nyingi na mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa wa unga. Alikuwa amelipa kituo zaidi ya mara moja, na kila kijana akitoka anarudi kwa mateja wenzake. Kilichokuja kumsaidia hatimaye kilikuwa methadoni, dawa inayopewa mtu badala ya unga, kliniki ya serikali ya Ngara. Ipo pia Mathari, iliyoanza huduma hiyo Desemba 2014. Kijana anakwenda kila siku, anakunywa dozi mbele ya mhudumu, bila malipo, arosto haimshiki, anaweza kufanya kazi. Yule mama alijilaumu kwamba hakuambiwa mapema kuwa uraibu wa unga una dawa yake. Na kuna hatari ambayo kila familia ya mtu wa unga lazima ijue: akishakaa wiki kadhaa bila kutumia, mwili unasahau. Akirudi kwenye kipimo chake cha zamani, kinaweza kumuua siku hiyo hiyo. Kutoka kituoni ni wakati wa hatari, msiufanyie sherehe mkalala.

Kabla Baba hajatoka, mshauri alituuliza, Jumatatu ya kwanza atakwenda wapi? Grogan kulikuwa na wenzake wote na duka la vileo liko hatua chache. Mdogo wangu akamtafutia nafasi kwa fundi mmoja Kariobangi, Light Industries, mtu wa swala. Hapo tulifanikiwa. Tulikoshindwa ni pesa: tuliamua malipo yote yaingie kwenye simu ya Mama, na Baba aombe. Mzee wa miaka sitini na kitu kuomba mia mbili ya chakula mbele ya vijana wake. Alivumilia kidogo kisha akakataa, na alikuwa na haki. Tukafika mahali pa kati: pesa zake zinaingia kwake, siku ya malipo makubwa anampigia Shangazi.

Mikutano ya AA, ya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, aliikataa mwanzoni. Ilianzia Marekani 1935, na mmoja wa karibu nasi hukutana kwenye ukumbi wa kanisa. Baba akasema hakuacha pombe ili abatizwe. Alikwenda baadaye kwa kuvutwa na Mwislamu mwenzake waliyetoka naye kituoni. Sasa hukaa nyuma, anakunywa chai, na anarudi na hadithi ambazo hamalizii.

Alianguka, ndiyo. Jumamosi moja alilipwa injini nzima na hakumpigia Shangazi. Alirudi usiku wa manane. Safari hii hakuna aliyepiga kelele na hakuna aliyeficha. Kulipopambazuka tukampeleka kwa daktari yule yule, na kwa sababu alikunywa muda mfupi hakuhitaji kulazwa, aliongezewa siku za ushauri tu. Gharama yake haikufika hata elfu kumi. Hatukuanza upya miezi mitatu, ingawa kituo kilipendekeza, na nadhani walipendekeza kwa sababu zao. Ramadhani iliyofuata aliingia akiwa hanywi, kwa hiyo mwili haukuwa na cha kulipiza.

Mkopo wa sako tumemaliza. Baada ya hapo nilipendekeza tuendelee kuchanga mia tano mia tano kila mwezi, ziwekwe kando kwa ajili ya siku akianguka tena vibaya, ili tusirudi kuhangaika na chama na Doha. Ndugu yangu wa Mombasa anasema huko ni kumwombea mzazi mabaya, na mwezi uliopita hakutoa. Baba naye amejua kuna akaunti. Anataka tumkopeshe humo anunue kompresa afungue gereji yake, na ameniambia kama hatumuamini tuseme. Kikao ni Jumapili, kwa Shangazi.